Unaenda bichi, ubebe kitabu gani cha michezo? Nimevilinganisha hapa

Watu wengi wakitaka kitabu cha michezo cha kwenda nacho bichi wanachagua kwa mchezo wanaoupenda, wa mpira anabeba cha mpira, wa mbio anabeba cha mbio, imeisha hiyo. Mi naona hapo ndo panapoharibika. Bichi sio maktaba bwana. Umekaa zako Paje au Diani na kitabu mkononi, umesoma ukurasa na nusu, anakuja mtu wa madafu, anaondoka, anakuja kijana anataka kukupeleka kuona pomboo kesho asubuhi, unamkataa kwa heshima ila anakaa kwanza apige stori, mtoto analia mchanga umemuingia machoni, halafu simu, halafu jua limehama kivuli kimekukimbia na mgongo umeshaanza kuungua. Kwahiyo swali la kwanza sio mchezo gani. Swali ni hiki kitabu kimekatwa vipande vya ukubwa gani, yaani ukikiacha katikati ya sentensi ukakirudia baada ya dakika 40 kitakupokea palepale au itabidi urudi kurasa tano nyuma kukumbuka nani ni nani.

La pili ni lugha. Vyote nitakavyovitaja ni vya Kiingereza, maana sisi stori za wanamichezo tumezoea kuzisoma kwenye Mwanaspoti na mitandaoni, ukitaka kurasa 400 za maisha ya mtu mmoja mara nyingi utaishia kwenye Kiingereza. Na Kiingereza hakifanani, kuna kinachoteleza na kuna cha kukaa unakitafuna na jua lote lile kichwani.

Nianze na viwili ambavyo kwangu ndo vinashindania nafasi ya kwanza, Open cha Andre Agassi na Fever Pitch cha Nick Hornby.

Open kilitoka 2009. Agassi ni yule Mmarekani wa tenisi wa miaka ya 90, wa nywele ndefu na kaptula za jinzi, na kabla hujasema mi tenisi siijui hata pointi zake zinahesabiwaje, ngoja kwanza. Mapema kabisa anakwambia anauchukia huo mchezo, ameuchukia toka mtoto, na bado akawa namba 1 duniani na akabeba Grand Slam 8, yaani yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi. Baba yake alizaliwa Iran na alipigana ngumi Olimpiki ya 1948 na ya 1952, akahamia Marekani, akafika Las Vegas, akajenga uwanja wa tenisi nyuma ya nyumba, halafu akachukua mashine ya kurusha mipira akaitengeneza upya kwa mikono yake mpaka ikawa inatema mipira kwa kasi ya kumtisha mtoto, mtoto akaibatiza jina la joka. Hesabu za mzee zilikuwa hivi: mipira 2,500 kwa siku, 17,500 kwa wiki, karibu milioni kwa mwaka, na mtoto anayepiga mipira milioni kwa mwaka hakuna wa kumfunga. Mtoto mwenyewe ana miaka 7. Kama ulikulia kwenye nyumba ambayo mzazi ameshaamua utakuwa daktari kabla hujajua kufunga kamba za viatu, hizo kurasa utazielewa bila kumuuliza mtu.

Halafu kuna wigi. Zile nywele maarufu kwenye mabango yote, kumbe ni wigi. Usiku wa kuamkia fainali ya French Open 1990, fainali yake ya kwanza ya Grand Slam, yuko bafuni wigi inaanza kumfia mikononi, anamuita kaka yake, wanahangaika kuibana na vibanio mpaka ishike. Kesho yake anaingia uwanjani mbele ya dunia nzima, na anachomuomba Mungu sio kombe, anaomba tu lile liwigi lisidondoke. Akafungwa na Andrés Gómez wa Ecuador. Mimi sikumbuki kitabu kingine cha mwanamichezo ambapo mtu anakubali kujiumbua kiasi hicho, wengi wanakuandikia kama risala ya kustaafu, nashukuru makocha wangu, nashukuru mashabiki, sasa hizo nani anazisoma akiwa na dafu mkononi.

Kwa upande wa bichi kinafanya kazi kwa sababu kila tukio limeandikwa kama linatokea sasa hivi mbele yako. Maneno ya watu hayajawekewa alama za kunukuu, kurasa za mwanzo inachanganya kidogo, baadaye huioni tena. Kiingereza chake chepesi, sentensi fupi, hamna cha kamusi. Aliyemuandikia ni J.R. Moehringer, mwandishi wa magazeti aliyeshinda Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 2000, jina lake kwenye kava halipo na mwenyewe ndo alikataa liwekwe, na ndo huyohuyo aliyemuandikia Prince Harry kile kitabu cha 2023 kilichozua maneno dunia nzima. Kasoro ipo. Katikati kuna sehemu mechi zinafuatana tu, Sampras, Courier, Becker, Sampras tena, na kama tenisi kweli haikupandi hapo utasinzia. Ruka bila kujuta, mbele kuna 1997 anavuta madawa na kuwadanganya wakubwa wa tenisi, ndoa na mwigizaji Brooke Shields inayumba, anaporomoka mpaka namba 141 duniani na anarudi kucheza mashindano madogomadogo kwao Las Vegas, halafu miaka miwili baadae anachukua French Open ileile ya wigi, tena fainali alikuwa nyuma seti mbili.

Fever Pitch sasa. Hiki ni cha 1992, Hornby ni shabiki wa Arsenal tu, hajawahi kuwa mchezaji wala kocha wala nani, na kitabu chote ni yeye na Arsenal toka Septemba 1968 baba yake anampeleka uwanjani mara ya kwanza, Arsenal na Stoke City, wazazi wameshaachana na mpira ndo unakuwa mahali pa yeye na baba kukaa pamoja bila kukosa cha kuongea. Kila kipande kinaanza na jina la mechi na tarehe, vingine kurasa mbili tatu tu. Kwahiyo kwa kipimo changu cha kukatwakatwa hiki ndo bingwa, hata mtu wa madafu aje kila baada ya dakika kumi, unamaliza kipande, unakunja ukurasa, unaenda kuogelea, ukirudi unaanza mechi nyingine. Huhitaji kukumbuka chochote.

Ila nikwambie ukweli, humo ndani ni mvua na baridi mwanzo mwisho. Ni sare za bila kwa bila Januari, ni treni, ni kijana ana msongo wa mawazo hajui afanye nini na maisha yake na anaona Arsenal ikifunga ndo mambo yake yatakaa sawa. Kinachekesha sana lakini ni ule ucheshi wa Kiingereza wa kusema kitu bila kutabasamu, na mzaha mwingi unamtegemea msomaji anayejua vipindi vya TV na maduka ya London ya wakati huo, ukikosa hilo nusu ya vichekesho vinapita juu ya kichwa. Na mashabiki wa Arsenal wa huku kwetu ambao tuko wengi tujiandae kisaikolojia: kimetoka mwaka uleule Premier League inaanza, kwahiyo Wenger hamna, Henry hamna, Kanu hamna. Kuna kocha George Graham na kuchosha kwake. Lakini kuna usiku wa 26 Mei 1989 pale Anfield, Arsenal wanatakiwa wamfunge Liverpool kwa tofauti ya magoli mawili ndo wachukue ubingwa, Smith amefunga moja, muda umeisha, Michael Thomas anapasua katikati... Hornby yuko nyumbani anaangalia kwenye TV, na namna alivyoielezea hiyo dakika, toka goli hadi yeye kutoka nje anakimbia barabarani, mi nimeisoma nikiwa najua kabisa matokeo na bado moyo ulidunda. Uzito upo pia, Heysel na Hillsborough, yale maafa ya viwanjani yaliyoua mashabiki, zimo na hajazipaka rangi.

Kwahiyo kati ya hivi viwili, ukienda na watoto wadogo, chukua Fever Pitch, maana hutapata nusu saa ya mfululizo hata ukilipia. Ukienda na mtu mzima mwenzio au peke yako, Open, hata kama wewe ni mtu wa mpira. Najua wa mpira watabisha.

Na wakibisha nawapa cha tatu, The Miracle of Castel di Sangro cha Joe McGinniss, 1999. Huyu ni Mwandishi wa Kimarekani aliyepata kichaa cha mpira ukubwani, akasikia kuna kamji ka milimani Abruzzo, Italia, watu kama 5,000 tu, timu yao imepanda hadi Serie B, ligi daraja la pili, mwaka 1996, akahamia huko msimu mzima. Anaishi nao, anakula nao, anamfundisha kocha namna ya kupanga timu wakati Kiitaliano chenyewe cha kuokoteza, kocha anamuona mwendawazimu. Wachezaji wawili wanafariki kwenye ajali ya gari katikati ya msimu, mwingine anakamatwa kwa kesi ya madawa, yaani ukikisoma unahisi mtu ametunga kumbe ndo msimu wa kweli wa 1996/97. Mwisho wake sikwambii, ila utakasirika. Hiki kinasomeka kama riwaya na ndo tatizo lake kwa bichi, majina ya Kiitaliano ni mengi, beki, golikipa, mwenye timu, rais wa timu, ukikiacha siku mbili umepotea. Kama hoteli ina bembea ya kulala na hujaja na mtu wa kukusumbua, kwa mtu wa mpira nakiweka juu ya Fever Pitch. Kwa mazingira ya bichi ya kawaida yenye kelele, chini.

Tuje nyumbani. Kuna viwili vinavyogusa Kenya na watu wanavichanganya kama vile ni kitu kimoja.

Running with the Kenyans, 2012, kaandika Adharanand Finn, mwandishi wa habari wa Uingereza aliyechukua mke na watoto wakahamia Iten miezi sita, kule juu mita kama 2,400 kutoka usawa wa bahari, ili ajue kwanini wale jamaa wanakimbia vile. Anajichanganya na vikundi vya alfajiri, anakutana na Brother Colm O'Connell wa shule ya St Patrick's, yule Muairishi aliyefika Iten 1976 akaishia kuwa kocha wa David Rudisha, bingwa wa mita 800, na mwisho anakimbia marathoni ya Lewa kwenye hifadhi ya wanyama. Kila sura anajaribu sababu moja: ni kukimbia kwenda shule? ni ugali? ni peku? ni hewa nyembamba? ni pesa na shida za nyumbani? ni kupumzika, maana mkimbiaji wa Iten akimaliza mazoezi analala kwelikweli, hana habari na mtu. Kitabu chepesi, cha kirafiki, sura zinajitegemea kiasi. Kwetu sisi kina shida moja, hakikuandikwa kwa ajili yetu. Mtu anakueleza ugali ni nini na matatu inakuwaje, na wewe unasoma huku umetoka kushindilia sahani ya ugali samaki hapo nyuma kwa mama ntilie. Baadhi ya kurasa utaruka. Ila kuna raha nyingine ya kumuona mzungu anaachwa na kundi dakika ya nne, anajikongoja na vumbi jekundu mpaka watoto wa shule wanampita.

The Climb ni cha Chris Froome mwenyewe, 2014, ameandikiwa na David Walsh yule mwandishi aliyemuandama Lance Armstrong, bingwa wa baiskeli aliyekuja kubainika anatumia dawa, miaka na miaka. Wengi wanamjua Froome kama Muingereza wa Tour de France, aliishinda mara nne, lakini kazaliwa Nairobi 1985 na baiskeli kafundishwa na David Kinjah, yule mwenye rasta, pale Mai-a-Ihii, Kikuyu, kwenye nyumba ya mabati ambayo vijana wa baiskeli wanalala, wanapika na kutengeneza minyororo. Theluthi ya kwanza ya kitabu ni dhahabu. Kijana wa kizungu anafuga chatu, anapanda milima na vijana wa Kikuyu wenye baiskeli za kuungaunga, halafu 2006 anataka kwenda mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg na shirikisho halimsaidii, anaingia kwenye barua pepe ya shirikisho anajiandikisha mwenyewe kama vile yeye ndo kiongozi! Kafika, kapanda jukwaani, kashuka kuanza mbio, sekunde chache tu kamgonga afisa wa mashindano wakaanguka wote. Na baadae miaka hajielewi mwili unakuja unakata, kuja kupimwa ni kichocho, kilekile tulichokuwa tunakatazwa nacho kuoga kwenye madimbwi.

Nusu ya pili ndo inashuka. Ulaya, timu ya Sky, wati ngapi, nani alimsubiri nani mlimani, ugomvi wa 2012 na Wiggins mwenzake wa timu, kama hufuatilii baiskeli utaona watu wanapanda milima ileile tu. Ni kitabu kinene. Kwa hiyo mi nashauri hivi, kati ya hivyo viwili kwa bichi beba Finn, kwa sababu kinashika kiwango kilekile mpaka mwisho na ukikiacha hukisahau, ila Froome mkope mtu usome mpaka anapoondoka Kenya na Afrika Kusini kisha umrudishie. Wa baiskeli wanisamehe.

Hapohapo watu watasema mbona umemsahau Born to Run cha Christopher McDougall, 2009. Sijakisahau. Kwa kukufanya ufungue sura inayofuata hakuna kati ya hivi kinachokifikia, kila sura inaisha mahali pabaya makusudi, ni Watarahumara wa korongo za Mexico wanaokimbia na makubazi, na mbio ya 2006 kule Urique ambapo Arnulfo Quimare anamshinda Scott Jurek aliyekuwa anaogopwa Marekani nzima. Burudani tupu. Shida ni kwamba kinakuhubiria sana mambo ya peku na viatu vyembamba, na kampuni ya Vibram iliyovuma na viatu vya vidole kipindi hicho ilikuja kukubali kulipa dola milioni 3.75 mwaka 2014 kumaliza kesi ya matangazo yake ya faida za kiafya. Kwahiyo soma kwa raha lakini usiamke kesho yake ukakimbia kilomita kumi peku kwenye mchanga, ule mchanga mgumu wa maji kupwa unaonekana laini kumbe ndani una vipande vya matumbawe na makombe, utamaliza likizo na bendeji.

Sasa hiki ndo kinanipa ubishi kila mara: Barbarian Days cha William Finnegan. Kilitoka 2015, 2016 kikachukua Pulitzer, ni maisha ya mtu aliyefuata mawimbi dunia nzima na ubao wake, Hawaii utotoni, Fiji, Australia, Cape Town alikofundisha shule enzi za ubaguzi, San Francisco, Madeira. Kila orodha ya vitabu vya bichi wanakiweka, kwa sababu ni bahari si ndio? Kiukweli ni kitabu kizuri kuliko vyote nilivyovitaja hapa kwa uandishi. Na ndo kibaya kuliko vyote kwa bichi. Kwanza kinene, pili msamiati wa mawimbi ni lugha ya peke yake, upande gani yanavunjikia, mwamba uko wapi, upepo unatoka wapi, anaweza kukuelezea wimbi moja ukurasa mzima na ukipoteza umakini sekunde mbili huelewi tena mtu yuko juu au chini ya maji. Kinataka chumba kimya.

Na kuna kingine kinachofanya kisikae vizuri kwa pwani yetu hasa. Umekaa Jambiani kipindi cha bamvua, maji yamekupwa yameenda zake huko mbali kwenye mwamba, mbele yako ni uwanda wa mchanga na vidimbwi, wakinamama wameinama kwenye vigingi vyao vya mwani, na mawimbi yenyewe yanavunjikia kule kwenye matumbawe unaona mstari mweupe tu na sauti inakuja imechelewa. Sasa wewe unasoma mtu anakaribia kufa chini ya wimbi refu kama nyumba ya ghorofa. Haviongei. Ukikisoma nyumbani, mvua za masika zinapiga bati, hapo ndo hiyo bahari yake inakuingia. Kama ni lazima ukibebe basi anzia ile sehemu ya 1978, yeye na rafiki yake wanaweka kambi Tavarua, kisiwa kidogo Fiji ambacho hakina mtu wakati huo ila nyoka, wanakuta wimbi ambalo hawajawahi kuliona na wanaapa kutomwambia mtu yeyote. Siri haikukaa, baadae pakajengwa hoteli ya wapanda mawimbi.

Cha mwisho The Fight cha Norman Mailer, 1975, ngumi za Kinshasa. Nakitaja kwa sababu kila msomaji wa Afrika anadhani ni cha lazima, Ali na Foreman, 30 Oktoba 1974, saa 10 alfajiri za Kinshasa ili Wamarekani wao waone saa 4 usiku, Foreman hajapoteza pambano hata moja kati ya 40, ana miaka 25, Ali ana 32 na watu wanaogopa atauawa. Raundi ya 8 Foreman yuko chini. Pambano lenyewe Mailer kaliandika hadi unasikia kamba zinavyolia, na ile sehemu Foreman anapiga gunia la mazoezi mpaka linabaki na shimo, hutaisahau. Lakini Mailer anajiongelea yeye mwenyewe kwa jina kama vile ni mtu mwingine, Norman alifanya hivi, Norman aliogopa vile, na anavyowaangalia Wakongo na kuwatafutia falsafa utakunja uso zaidi ya mara moja. Kuna sehemu amejaribu kukimbia usiku na Ali, kaachwa, anarudi peke yake gizani anasikia simba ananguruma, roho mkononi, kumbe ni simba wa bustani ya wanyama ya Mobutu. Hapo nilicheka mpaka watu wa kiti cha pembeni wakageuka. Kifupi kuliko vingi hapa ila Kiingereza chake kizito, sentensi zinazunguka. Kipeleke kwenye ndege au basi la usiku, bichi hapana.

Kuhusu kubeba chenyewe, kitabu cha karatasi au simu? Simu bichi ni mateso, mwanga wa saa 6 mchana unauona uso wako tu kwenye kioo, ukiongeza mwanga inachemka na kujizima, na kila meseji ya kazini inakupata. Vile vifaa vya kusomea vitabu vya Kindle vyenye wino usiong'aa vinasomeka vizuri juani, ila mchanga ukiingia kwenye tundu la chaja ni stori nyingine, mfuko wa nailoni wa kufunga kwa zipu unasaidia na kioo kinaguswa hivyohivyo ndani ya mfuko. Mimi bado naenda na karatasi, tena la mtumba, vile vinavyotandikwa chini barabarani Posta pale Dar au katikati ya Nairobi, kwa sababu kikiingia losheni ya jua au kikinyeshewa dafu huumii roho. Angalia tu mgongo wake kabla ya kulipa. Kifungue katikati kabisa uone kama gundi imekauka, maana joto la pwani linamalizia gundi ya zamani, na upepo wa kusi ukikukuta umekaa Paje kurasa zinaanza kuondoka mojamoja unazikimbiza mchangani na watu wa kaiti wanakuangalia. Nakala za kutoa fotokopi zenyewe usijaribu, zinaachia mapema zaidi.

Kama mko wawili na mna nafasi ya kitabu kimoja tu kwenye begi, Open, kwa sababu hata asiyependa michezo atakichukua ukienda kuoga na kukirudisha itakuwa kazi. Kama hujaamua bado, fanya jaribio kwenye boti ya kutoka Dar kwenda Unguja, ni kama masaa mawili, soma ile sura ya kwanza ambapo Agassi ana miaka 36, anaamka sakafuni kwenye hoteli New York kwa sababu mgongo haumruhusu kulala kitandani, na jioni ana mechi na Baghdatis. Fuata mpaka mechi imeisha, wote wawili wako chumba cha kubadilishia nguo wamelazwa kwenye meza za matibabu hawawezi hata kunyanyuka. Kama boti inatia nanga Malindi, bandari ya Unguja, na hujanyanyua macho, umeshapata kitabu chako. Ila kama wewe ni wa kutapika kwenye boti, subiri ufike kwanza.